Wasomaji Wanauliza: Paul Bomani, Pamba na Kura ya 1965

Katika toleo lililopita tulimtaja marehemu Paul Bomani kwa sentensi moja tu, tukisema kwamba ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika na kwamba safari yake ya siasa ilianzia katika pamba ya Kanda ya Ziwa. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyoibeba. Tumechagua saba, tumezifupisha kidogo, na tunazijibu hapa.

Shikamoo Mhariri. Ninasoma kidato cha sita hapa Magu. Mwalimu wetu wa Historia anasema Bomani alikuwa mtu wa Mwanza, lakini baba yangu anashikilia kuwa alizaliwa Musoma na si Mwanza. Nani yuko sahihi, na alianzaje maisha?

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wana haki, kila mmoja kwa upande wake, kwa hiyo usimwambie baba yako kwamba ameshindwa. Bomani alikuwa Msukuma, na maisha yake ya kazi yalijengwa Mwanza, lakini alizaliwa wilaya ya Musoma, kwa sababu baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato na mhubiri huishi anakopelekwa na kazi yake. Tarehe inayoandikwa ni 1 Januari 1925. Wengi wa kizazi kile wamewekewa tarehe hiyohiyo katika makaratasi, lakini hatuna tarehe nyingine ya kuitumia na hii inatosha.

Alisoma katika shule ya Wasabato ya Ikizu, na mwaka 1945 akapata kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Williamson pale Mwadui. Kwa kijana aliyesoma, kazi hiyo ilikuwa nzuri: mshahara wa uhakika, nyumba ya kampuni, na heshima ya mtu anayejua kuandika. Bomani aliiacha mwaka 1947, akiwa na miaka 22, akaenda Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika wa mji huo. Chama kilikuwa kidogo na hakina fedha, na wanachama wake walikuwa wenye maduka madogo waliokuwa wakijaribu kupenya katika biashara ambayo kwa wakati ule, kuanzia jumla hadi rejareja, ilishikwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Kama unaandika insha, anzia hapo na usianzie wizarani. Kila alichokuja kuwa baadaye kilitokana na ile nafasi ya ukatibu.

Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa pamba Sengerema. Marehemu babu yangu alikuwa akisema kwamba Bomani "alituokoa na mizani". Nilidhani ni usemi wa wazee tu. Je, kuna ukweli wowote?

Upo, ndugu yangu, na babu yako ameusema kwa ufupi kuliko sisi tutakavyoweza.

Wewe unayelima unajua kwamba mkulima wa pamba ana kazi ya miezi mingi na malipo ya dakika chache. Anapanda mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, anapalilia, anavuna, anachagua pamba safi na kuitenga na fifi, yaani pamba chafu ya daraja la pili, kisha anabeba mzigo hadi gulioni, ambako jasho lake lote hugeuka kuwa namba moja inayosomwa na mtu mwingine kwenye mizani. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtu huyo alikuwa karani wa mnunuzi, na mnunuzi alifanya kazi kwa niaba ya wenye vinu vya kuchambulia pamba. Bei ilipangwa na serikali, kwa hiyo mnunuzi hakuweza kuipunguza waziwazi; alichoweza ni kupunguza uzito. Jiwe la mizani lililochezewa, au kidole kilichogusa kwa wepesi, au namba iliyosomwa haraka kwa mtu asiyejua kusoma, kila kimoja kiliondoa ratili kadhaa katika kila mzigo, na mizigo ilikuwa mingi. Tena pamba safi iliweza kuitwa fifi, mkulima akalipwa bei ya daraja la pili kwa mazao ya daraja la kwanza.

Wakulima walilijua jambo hilo muda mrefu. Kulijua hakukuwa na faida kwa mtu mmoja mmoja, kwa maana aliyelalamika aliambiwa achukue mzigo wake aende kwingine, na kwingine hakukuwapo. Dawa yake haikuhitaji mtaji mkubwa: wakulima wachange fedha, waajiri wapimaji wao wenyewe wanaojua kusoma, wawaweke gulioni na mizani yao, mzigo upimwe kwanza upande wa mkulima na ndipo upelekwe kwa mnunuzi. Namba mbili zikitofautiana, ubishi unakuwa kati ya karani na karani, hauwi tena kati ya karani na mzee mwenye gunia.

Katika vijiji vya Usukuma tayari kulikuwa na utaratibu wa vijana kufanya kazi za pamoja chini ya viongozi wao, basumba batale, kwa hiyo wazo la kuchangia na kuchagua mtu wa kuaminiwa halikuwa geni. Bomani na wenzake hawakuwafundisha wakulima kushirikiana. Walichofanya ni kuunganisha ushirikiano uliokuwapo na daftari la hesabu. Mwaka 1952 kilikuwapo chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na Bomani ndiye aliyezunguka, kuandika barua, na kubishana na maofisa wa serikali hadi vyama vya msingi vikaandikishwa na kuruhusiwa kununua pamba vyenyewe. Baadaye alipelekwa Uingereza, katika chuo cha Loughborough, kusomea mambo ya ushirika, na mwaka 1955 vyama vyote viliunganishwa katika shirikisho lililojulikana kwa herufi za VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), ambalo wengi walilifahamu kama ushirika wa Victoria. Bomani akawa meneja mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Kasi ya miaka michache iliyofuata inashangaza hata leo. Kufikia mwisho wa muongo huo, shirikisho lilikuwa na vyama vya msingi zaidi ya 300, lilikuwa na vinu vyake lenyewe, na pamba yote ya jimbo ilipita mikononi mwake. Mara nyingi limeelezwa kuwa ushirika mkubwa kuliko wote uliomilikiwa na Waafrika katika bara hili. Mimi naona sifa iliyo kubwa zaidi ni kwamba lilisimama kwanza juu ya upimaji wa haki, na ukubwa ukaja baadaye. Naomba uikumbuke nukta hiyo tutakapofika kwa mwalimu wa Nansio hapo chini.

Kuna mitaa kadhaa inayoitwa Bomani. Yote imepewa jina lake?

La. Mitaa mingi ya jina hilo, Mwanza na kwingineko nchini, ilipata jina kwa kuwa karibu na boma, yaani ofisi ya mkuu wa wilaya tangu enzi za Wajerumani na Waingereza: mtu alikuwa akienda "bomani" kulipa kodi au kushtakiwa. Jina la ukoo wa marehemu limefanana nalo tu masikioni mwa mpita njia.

Mhariri, ninaandika kutoka Misungwi. Nimesikia kuwa TANU ilipigwa marufuku huku kwetu kwa miaka kadhaa, wakati huohuo Bomani alikuwa akikaa katika baraza moja na wakoloni. Je, alikuwa upande gani?

Swali lako ni kali, na ni la haki. Ni kweli kwamba TANU, iliyoanzishwa Dar es Salaam 7 Julai 1954, ilizuiwa Usukumani kuanzia mwishoni mwa mwaka huohuo hadi 1958. Sababu ya serikali ni kwamba Kanda ya Ziwa ilikuwa na moto tayari. Wakulima walikuwa wakilazimishwa kulima kwa matuta, kupunguza mifugo, na kulipia kodi kila ng'ombe, yote kwa jina la mpango wa maendeleo wa Usukuma, na chama cha TAA (Tanganyika African Association, kilichoitangulia TANU) cha jimbo, kilichokuwa na watu kama Bhoke Munanka na mshairi Saadani Kandoro, kilikuwa kimeyageuza manung'uniko hayo kuwa siasa.

Bomani alikuwa ndani ya TAA, na alikuwa kiongozi wa Umoja wa Wasukuma. Lakini ni kweli vilevile kwamba katikati ya miaka ya 1950 aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuteuliwa na Gavana Twining, si kwa kupigiwa kura, kwa kuwa Waafrika walikuwa bado hawajapewa kura. Serikali ilimpenda kwa sababu iliona ushirika ni njia ya kuwashughulisha watu na biashara badala ya uhuru. Wapo walionong'ona kwamba amenunuliwa.

Maoni yangu, nawe una ruhusa ya kuyakataa, ni kwamba serikali ilikosea hesabu na wanong'onaji pia walikosea. Chama cha siasa kilipofungiwa, watu waliendelea kukutana katika vyama vya msingi vya pamba, wakachagua wenyeviti, wakasomewa hesabu, wakamwondoa katibu aliyewaibia. Marufuku haikuweza kuifuta shule hiyo ya siasa, kwa sababu serikali yenyewe ndiyo iliyoiandikisha. Bomani alikuwa mtu wa taratibu, mwepesi wa kuzungumza na ofisi, na hakuwa mtu wa jukwaa. Wenzake walilipa gharama ya kufukuzwa na kufungwa ambayo yeye hakuilipa, na hilo lazima lisemwe. Ila mwaka 1958, wananchi wa Geita walipokataa baraza la wilaya lililochanganya Waafrika, Wazungu na Waasia, wakaandamana kwa maelfu hadi Mwanza na kutawanywa kwa mabomu ya machozi, serikali ilikuta watu waliokwisha kuzoea kujipanga. Mwishoni mwa mwaka huo TANU ikaruhusiwa. Nyerere alipounda serikali yake ya kwanza, Septemba 1960, Bomani alikuwamo, akiwa Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Ushirika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Nansio. Nilikuwa kijana mdogo mwaka 1965, na nakumbuka wazee wakisema kwa sauti ya chini kwamba "Waziri wa Fedha ameangushwa". Iliwezekanaje waziri mkubwa hivyo, tena aliyewasaidia wakulima, akaangushwa na wakulima haohao? Na aliwezaje kubaki waziri?

Shikamoo Mwalimu. Kumbukumbu yako ni sahihi, na hiki ndicho kipande cha maisha ya Bomani ninachokiona kuwa kizito kuliko vyote.

Alipata Wizara ya Fedha mwaka 1962, akimpokea Sir Ernest Vasey. Alisimamia bajeti za nchi changa, akahusika katika kuandaa mpango wa kwanza wa miaka mitano ulioanza 1964, na alikuwa bado waziri katikati ya mwaka 1965, wakati nchi za Afrika Mashariki zilipotangaza kuachana na sarafu ya pamoja na kila moja kuanzisha benki kuu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, yeye akiwa ameshaondoka katika kiti hicho, lakini hatua za mwanzo zilichukuliwa wakati wake. Kwa kipimo cha Dar es Salaam, alikuwa waziri aliyefanikiwa.

Kipimo cha jimboni kilikuwa kingine. Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, na kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kumsifu mgombea kwa kabila au dini, na wote wawili walikuwa na sera moja. Wengi walidhani uchaguzi wa namna hiyo hauna maana. Wapiga kura waligundua, mapema kuliko wasomi, kwamba pale ambapo chama hakibishaniwi, anayebaki kupimwa ni mtu mwenyewe. Mawaziri na mawaziri wadogo kadhaa walianguka nchini, na jina kubwa kuliko yote kati yao lilikuwa la Paul Bomani wa Mwanza.

Kwa nini? Mtu anaweza kusema kwamba waziri wa fedha hapendwi popote, maana ndiye anayetoza kodi, na hilo ni kweli kwa kiasi chake. Lakini Mwanza kulikuwa na zaidi. Ule ushirika ulioanza kwa kumlinda mkulima gulioni, sasa ndio uliokuwa mnunuzi pekee. Karani wa mizani alikuwa wa ushirika. Makato yaliyopunguza malipo yalikuwa ya ushirika, ya chama cha msingi na ya shirikisho na ya bodi na ya ushuru, na mkulima alipouliza kila kato linakwenda wapi, aliyemjibu alikuwa mtu mwenye ofisi na gari. Vyama vilikua haraka kuliko idadi ya watu waliojua kutunza vitabu. Wizi ulikuwapo. Tume aliyoiunda Rais mwaka 1966 kuchunguza ushirika nchini ilikuta hayo yote: wanachama wasio na sauti, viongozi wasio waaminifu, na upungufu wa wataalamu.

Bomani hakuwa tena meneja wa VFCU, na sina sababu ya kumtwika makosa ya makarani. Lakini jina lake na ushirika yalikuwa yameshonwa kwa uzi mmoja. Wakati mizani ilipokuwa ya haki, sifa ilikwenda kwake hata pale ambapo kazi ilifanywa na wapimaji wasiojulikana. Mizani ilipotiliwa shaka, lawama nayo ikaja kwake kwa njia ileile. Halafu alikuwa mbali. Waziri hukaa Dar es Salaam, na kwa treni ya wakati ule mtu alihesabu siku, si saa. Mkulima aliyemzoea katibu anayekuja kwa miguu hadi gulioni alimwona sasa gazetini.

Kuhusu kubaki waziri, Mwalimu: Katiba ya Muda ya 1965 ilimpa Rais nafasi ya kuteua wabunge kadhaa, na Nyerere alimteua Bomani, akampa Wizara ya Mambo ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo, huku Amir Jamal akichukua Fedha. Ilikuwa halali. Ikiwa ilikuwa vyema ni swali jingine. Waliompigia kura ya kumkataa walimwona akirudi kwa mlango wa pili baada ya muda mfupi, na naelewa kwa nini wazee wako waliongea kwa sauti ya chini. Kwa upande wa pili, nchi ilikuwa na watu wachache mno waliojua kusoma mizania ya taifa, na Nyerere hakuwa tayari kumpoteza mmoja wao kwa sababu ya bei ya pamba.

Je, ana undugu na Jaji Mark Bomani? Na alifanya nini Marekani?

Jaji Mark Bomani alikuwa mdogo wake, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1965 hadi 1976. Paul alikuwa Balozi wetu Washington kuanzia 1972 hadi 1983, miaka 11, muda mrefu kwa balozi yeyote. Huo ndio wakati ambapo ukombozi wa Kusini mwa Afrika ulikuwa jambo la kwanza katika uhusiano wa nchi hizo mbili, na Henry Kissinger alifika Dar es Salaam zaidi ya mara moja mwaka 1976 kuzungumza na Nyerere juu ya Rhodesia. Kwa tabia ya Bomani niliyoieleza hapo juu, ya mtu wa ofisi na mazungumzo ya taratibu, nadhani ubalozi ulimfaa kuliko jukwaa la kampeni. Aliporudi alishika tena uwaziri, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 80.

Ndugu Mhariri, mimi ni mama mkulima wa Kwimba, mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Ushirika wa Bomani ndio huu wa Nyanza? Na leo, mizani yetu inakaguliwa na nani, kwa sababu msimu uliopita kilo zangu za nyumbani hazikulingana na za ghalani?

Ndiyo na siyo, mama. VFCU iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali baada ya taarifa ya ile tume, na mwaka 1968 ikageuzwa kuwa Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima na pamba ikawa kazi ya mamlaka ya serikali. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na Nyanza ya sasa inahesabu umri wake tangu 1984. Miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kwa hiyo jina limekatika mara kadhaa, lakini chama cha msingi kama cha kwenu ni mjukuu halisi wa vile vya mwaka 1953.

Kuhusu kilo zako: mizani za biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na muhuri huo una mwaka wake. Kabla hujamwaga pamba, mwombe karani akuonyeshe muhuri, hakikisha mizani inasoma sifuri ikiwa tupu, soma namba mwenyewe au nenda na mtoto anayesoma, na usiondoke bila stakabadhi. Kama namba bado haikubaliani na yako, omba mzigo upimwe tena mbele ya mjumbe wa bodi ya chama chenu, papo hapo, kabla haujachanganywa na wa wengine, kwa sababu ukishachanganywa hakuna atakayeweza kukuthibitishia lolote.